Waya Uliosahaulika: Usalama wa Lifti Wakati wa Matengenezo

Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa na fundi mstaafu wa lifti, mzaliwa wa Tabora, mbele ya wakazi waliokusanyika katika mkutano wa kata kuhusu usalama wa majengo ya huduma. Tumeyachapa kama yalivyosemwa, kwa ufupisho mdogo.



Bila shaka wapo wanaojiuliza kwa nini mzee huyu amekuja kuzungumzia lifti katika mji wa nyumba za chini na miembe. Swali hilo ni la haki. Lifti kwetu bado ni chache, lakini zinakuja. Reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, ikafika Dodoma mwezi Julai mwaka huohuo, na stesheni zake kubwa zina lifti na ngazi za umeme. Reli hiyo inajengwa kuja huku, ikifuata karibu njia ileile ya misafara iliyotoka Bagamoyo kuja Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji. Aidha, vijana wetu wengi wanafanya kazi ya ufundi Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza. Na tabia ninayotaka kuikemea leo haikusubiri lifti. Tayari imo katika mashine zetu za kusaga na katika masanduku yetu ya umeme.

Naomba nianze kwa kueleza chombo chenyewe. Lifti ni chumba kinachoning'inia kwa kamba za chuma ndani ya shimo refu. Kamba hizo hupita juu ya gurudumu linalozungushwa na mota, na upande wa pili hufungwa uzito wa kusawazisha. Uzito huo ni mkubwa kuliko chumba kikiwa kitupu; hulingana na chumba kilichobeba karibu nusu ya mzigo wake. Kwa hiyo lifti tupu ikiachiwa breki haianguki chini, kama watu wengi wanavyodhani. Hupanda juu. Fundi asiyelijua hilo anaweza kubanwa kwenye dari akiwa anaichunga sakafu.

Waliobuni chombo hiki walijua tangu mwanzo kwamba siku moja kitaharibika. Mwaka 1854, mjini New York, Elisha Otis alipanda juu ya jukwaa lililoning'inizwa, akaamuru kamba ikatwe mbele ya umati wa watu. Jukwaa lilishuka kidogo tu, likanaswa na vyuma vya pembeni. Somo lake ndilo msingi wa kazi yetu mpaka leo: chombo kikipatwa na hitilafu, kisimame. Breki ya lifti hubanwa na springi, na umeme ndio unaoifungua; umeme ukikatika, breki hubana yenyewe. Sisi tunaoishi kando ya Reli ya Kati hatuhitaji kuelezwa uzito wa neno breki. Tarehe 24 Juni 2002, katika Mkoa wa Dodoma, treni ya abiria iliyoshindwa kupanda mlima ilirudi nyuma kwa kasi ikagongana na treni ya mizigo, na watu zaidi ya 280 wakapoteza maisha.

Sasa tuje kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Kila mlango wa lifti una swichi yake. Ipo swichi ya mlango wa chumba, zipo swichi za milango ya kila ghorofa, ipo ya kidhibiti mwendo, ipo ya dharura chini ya shimo, na zipo za mwisho wa safari juu na chini. Swichi hizi zote zimeunganishwa kwa mfuatano, kama shanga katika uzi mmoja. Hiyo ndiyo saketi ya usalama. Uzi ukikatika mahali popote, mota haipati umeme na breki hubana. Mlango mmoja tu ukiwa wazi, jengo zima halina lifti.

Hapo ndipo fundi anapojikuta katika mtihani. Lifti imegoma, na tatizo ni swichi moja kati ya ishirini. Ili aikague milango kutoka juu ya chumba, lazima chumba kisogee. Lakini hakisogei kwa sababu saketi imekatika. Basi huchukua kipande cha waya na kuunganisha pande mbili za swichi anayoishuku, ili saketi ione kana kwamba mlango umefungwa. Mafundi tunaita jampa. Kwa kazi fulani njia hiyo haiepukiki, na fundi anayeitumia kwa utaratibu hana kosa. Hatari ni waya huo kubaki mahali pake wakati lifti inarudishwa kwa watu. Kuanzia hapo lifti hutembea mlango ukiwa wazi, na hakuna dalili yoyote ya nje inayomwonya abiria.

Hili limetokea. Tarehe 14 Desemba 2011, katika jengo la ofisi lililopo 285 Madison Avenue, New York, mwanamke mmoja aliyekuwa akienda kazini aliingia katika lifti asubuhi. Kabla hajamaliza kuingia, lifti ilipanda milango ikiwa wazi, na akafariki papo hapo. Uchunguzi wa mamlaka za jiji ulibaini kwamba mafundi waliokuwa wakiifanyia matengenezo walikuwa wameiruka saketi ya usalama ya milango kwa waya, na kwamba lifti ilirudishwa kazini bila waya huo kuondolewa. Hilo lilitokea katika jiji lenye wakaguzi, sheria na zana za kila aina. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuhesabu.

Ndugu zangu, siwasemi wale kana kwamba mimi ni msafi. Nilipokuwa kijana, jijini Dar es Salaam, niliitwa kwenye jengo moja ambalo sitalitaja. Swichi ya mlango wa ghorofa ya nne ilikuwa imelegea. Niliiruka kwa waya, nikaikagua milango yote, nikaikaza iliyolegea. Msimamizi wa jengo alisimama nyuma yangu muda wote akitazama saa, na wapangaji walikuwa wakinung'unika kwenye ngazi. Nikafunga kabati la umeme, nikairudisha lifti kazini, nikashukuriwa, nikaondoka. Ndani ya daladala nilitia mkono mfukoni kutafuta nauli, nikakuta vipande viwili vya waya. Asubuhi nilitoka na vitatu.

Nilishuka kituo kilichofuata, nikarudi nikikimbia. Lifti ilikuwa imefanya kazi kwa saa mbili nzima. Mlinzi aliniambia kwamba watoto wa ghorofa ya nne walikuwa wakicheza mlangoni pake tangu watoke shule. Nilipofungua kabati, waya ulikuwa palepale nilipouweka. Hakuna aliyeumia, na ndiyo sababu ninaweza kulisimulia nikiwa nimesimama mbele yenu. Usiku ule sikulala. Lifti hiyo niliitengeneza vizuri kabisa, na kwa saa mbili ilikuwa ya hatari kuliko ilipokuwa mbovu.

Tangu siku hiyo nilijiwekea utaratibu, na vijana wote niliowafundisha niliwakabidhi. Ninautaja kwa ajili ya mafundi waliopo hapa.

Kwanza, pima kabla ya kuruka. Mara nyingi kipima umeme huonyesha saketi imekatika wapi, na huhitaji waya wowote.

Pili, itoe lifti katika matumizi ya watu kabla ya kugusa saketi. Iweke katika hali ya ukaguzi, ambapo vitufe vya ghorofani havina nguvu na inatembea polepole kwa amri yako peke yako. Weka vizuizi na tangazo kwenye milango ya ghorofa unazofanyia kazi. Mahali ambapo kazi haihitaji lifti itembee, zima swichi kuu, funga kwa kufuli lako na ufunguo ukae nawe.

Tatu, ruka swichi moja unayoichunguza, kamwe usiruke saketi nzima. Usiruke mlango wa chumba na mlango wa ghorofa kwa wakati mmoja, wala usiguse swichi za dharura, kwa maana hizo ndizo zinazokulinda wewe mwenyewe.

Nne, waya wako uonekane. Uwe mrefu, mwekundu, wenye namba na lebo ya jina lako, uning'inie nje ya kabati ili kabati lisifungike ukiwa ndani. Andika katika daftari: waya namba fulani, umewekwa wapi, saa ngapi, na nani. Msiwe chini ya wawili, na mwenzako ajue kilichoandikwa.

Tano, ondoa waya kabla ya kuirudisha lifti katika hali ya kawaida. Hesabu nyaya mkononi, linganisha na daftari, mwenzako naye ahesabu. Kisha jaribu: fungua mlango ule ule ulioruka na uhakikishe lifti inakataa kutembea. Lifti isipokataa, kazi haijakwisha.

Viwango vya Ulaya vinavyoitwa EN 81-20, vilivyotolewa mwaka 2014, vimelitambua tatizo hili. Lifti zilizojengwa kwa viwango hivyo zina swichi maalumu ya kuruka saketi ya milango ndani ya kabati lenyewe. Fundi akiigeuza, lifti hukataa kuitwa na abiria, hutembea kwa hali ya ukaguzi tu kwa mwendo usiozidi sentimita 63 kwa sekunde, na inapotembea hupiga mlio na kumulika taa. Majengo yetu mapya yanapoagiza lifti, wanunuzi waulize kama kifaa hicho kimo. Lakini lifti kuukuu zitakuwepo kwa miaka mingi, na kwazo kinga pekee ni utaratibu wa fundi.

Sasa niwageukie wananchi, kwa sababu ninyi mna sehemu yenu.

Mkikuta tangazo la matengenezo, liheshimuni. Msisogeze kizuizi, msichungulie shimoni, na watoto wasikae karibu. Msimharakishe fundi. Yule msimamizi aliyetazama saa hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu watu wapande. Haraka yake ilinihesabia nyaya mbili badala ya tatu. Kazi inapokwisha, mwenye jengo amwulize fundi swali moja mbele ya mashahidi: "Kila ulichokiondoa umekirudisha?" Na amwombe aonyeshe daftari. Fundi mwema hatakasirika.

Mkiona lifti inasogea mlango ukiwa wazi, hata kidogo, mtu asiingie tena. Toeni taarifa mara moja. Mkikwama ndani umeme unapokatika, jambo ambalo kwetu si geni, tulieni. Hewa inaingia, na breki imebana. Bonyezeni kengele na msubiri. Msifungue milango kwa nguvu wala kujaribu kuruka nje lifti ikiwa kati ya ghorofa mbili, maana chini yake lipo shimo wazi, na umeme unaweza kurudi wakati wowote. Fundi akikosekana, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa namba 114.

Nilisema tabia hii tayari tunayo. Nani hapa hajaona mashine ya kusaga iliyovuliwa kinga ya mkanda kwa ajili ya kukazwa, na kinga ikabaki imeegemezwa ukutani mwaka mzima huku kina mama wakipita na khanga zao? Nani hajaona fyuzi iliyoungua ikabadilishwa kwa kipande cha waya "kwa leo tu"? Ni jampa ileile. Fyuzi iliungua kwa sababu ilikuwa inatuambia kitu. Waya hauambii chochote mpaka nyumba iwake. Kinga ya mashine irudishwe kabla ya gunia la kwanza kumwagwa, na kazi ya umeme afanye fundi mwenye leseni.

Sheria inatuunga mkono. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri kulinda wafanyakazi wake pamoja na watu wengine wanaoweza kudhurika na shughuli zake, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ndiyo inayoisimamia. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kwa anayeumia kazini. Lakini fidia hulipwa baada ya msiba, na mimi nimekuja kuomba tusifike huko.

Namalizia kwa jambo la kwetu. Wazee wetu Wanyamwezi walibeba mizigo kati ya hapa na pwani, kila mpagazi na karibu frasila mbili begani, yaani zaidi ya kilo 30, kwa safari ya miezi. Msafara ulikuwa na mamia ya watu, lakini kila mzigo ulikuwa na mtu wake, na ulipotua kambini alijulikana nani ameuleta na nani hajafika. Hakuna aliyesema mzigo ni wa msafara mzima. Ninawaomba mafundi wetu, wenye majengo na wenye mashine wafanye hivyohivyo: kila kinga inayoondolewa iwe na jina la mtu mmoja, na mtu huyo asiende nyumbani kabla hajairudisha.