Gitaa Lililoshika Nafasi ya Kauli



Muziki wa blues, uliozaliwa miongoni mwa Wamarekani weusi wa kusini, wana na wajukuu wa watumwa, aghalabu huelezwa kuwa ni muziki wa huzuni. Nami siipingi kauli hiyo, ila naiona haitoshi, kwani mwenye huzuni aweza kunyamaza, na blues ni kazi ya mtu aliyekataa kunyamaza hata pale maneno yalipomwishia. Leo nauzungumzia muziki huo katika senema. Wapo watengenezaji wa senema wanaoutumia kama udi wa kufukizia chumba, hao nawaacha.

Mwaka 1929 Dudley Murphy alitengeneza picha fupi ya dakika kama 16, St. Louis Blues, juu ya wimbo ambao W. C. Handy aliuchapisha mwaka 1914, na mwimbaji akawa Bessie Smith. Kisa chenyewe ni chepesi: mwanamke amfumania bwana wake na mwingine, naye bwana, badala ya kutahayari, amwangusha chini na kwenda zake. Wimbo waanzia pale pale sakafuni, na picha ihamiapo kilabuni twamkuta ameegemea kaunta, bilauri kubwa ya bia mbele yake, macho hayamtazami mtu, sauti yake nzito ikitoka bila haraka. Na wale waliokaa mezani wamwitikia, hata kilabu kizima kikageuka kiitikio cha msiba wa mtu mmoja. Bwana arejea, amkumbatia, wacheza, na katikati ya kucheza mkono wake wachopoa fedha alizozificha mwanamke katika soksi. Kisha amsukuma na kuondoka. Mwanamke hamfukuzi wala hamlaani: arudia wimbo wake. Picha hiyo imelaumiwa kwa kuwaonyesha watu weusi kama walevi na wacheza kamari, na lawama hiyo ina haki. Lakini Bessie Smith alifariki mwaka 1937, na hatuna picha nyingine ya senema inayomwonyesha akiimba.

Hapo palikuwa na maneno. Zingatieni sasa pale yasipokuwapo. Desemba 1927, katika mji wa Dallas, kipofu mmoja wa Texas, Blind Willie Johnson, ambaye nyimbo zake zilikuwa za dini lakini gitaa lake ni la blues hasa, alirekodi Dark Was the Night, Cold Was the Ground, wimbo uliopata jina lake katika utenzi wa kale wa kanisani kuhusu usiku wa Yesu bustanini. Hakutamka neno hata moja. Aguna, avuta pumzi, aguna tena, na uzi wa gitaa, ukitelezeshewa kitu kigumu juu yake, wamfuatia kama mtoto anayeiga kilio cha mamaye.

Mwaka 1964 mwongozaji Mwitaliano Pasolini aliutia wimbo huo katika senema yake ya Injili ya Mathayo, pamoja na muziki wa Bach na Gloria ya Missa Luba, misa ya mtindo wa Kongo iliyoimbwa na wavulana na walimu wa Kamina, huko Katanga, nchi inayosema Kiswahili chetu. Miaka 20 baadaye, katika senema Paris, Texas ya Wim Wenders, mpiga gitaa Ry Cooder aliufanya wimbo huo huo kuwa msingi wa muziki wake. Mtu mmoja, Travis, amevaa suti iliyochakaa na kofia nyekundu, avuka jangwa peke yake. Ndege mla nyama atua jiwe la karibu. Yeye amaliza tone la mwisho la maji katika dumu, alitupa, aendelea kutembea. Kwa muda mrefu baada ya hapo hasemi na mtu. Laiti muongozaji angaliweka hapo sauti ya msimulizi wa kutueleza mkasa wake, tungalimjua mapema na kumsahau mapema. Gitaa halituelezi alilotenda, latujulisha uzito wake tu, nasi twamfuata kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa maktaba ya chuo chetu waitafute ile picha ya Bessie Smith ya dakika 16 na kuionyesha katika ukumbi huu, bila ada, kwa wanafunzi wa muziki na wa senema waliokaa pamoja.