Selimundu: Mgonjwa Aaminiwe Kwanza

Juni 19, Siku ya Selimundu Duniani, imepita. Hotuba zimesomwa, fulana nyekundu zimevaliwa, vijana wamehimizwa wakapime kabla ya kuoana, na takwimu ile ile imerudiwa: watoto wanaokadiriwa kufikia 11,000 huzaliwa na selimundu nchini Tanzania kila mwaka, idadi inayotuweka kundi moja na Nigeria, Kongo na India kwa mzigo wa ugonjwa huu. Mmeyasikia yote, wasikilizaji, hatuna haja ya kuyarudia. Hatuna ugomvi na fulana wala na takwimu. Kinachotutia wasiwasi ni maneno ambayo hayakufika jukwaani, lakini husikika mwaka mzima kwenye mabenchi ya mapokezi, madarasani na maofisini. "Mbona unaonekana mzima?" "Jana si ulikuwa unacheka?" "Kameze Panadol upumzike." "Unadeka." Siku moja tunamwita mgonjwa shujaa. Siku zilizobaki tunamwita mwongo. Msimamo wa kituo hiki ni mfupi: mgonjwa wa selimundu aaminiwe kwanza.

Tunasema aaminiwe kwanza kwa sababu ya tabia ya ugonjwa wenyewe. Chembe nyekundu za damu ya mgonjwa huyu zinapopungukiwa oksijeni hukakamaa, hujipinda mfano wa mundu na kuziba mishipa midogo. Mahali ambapo damu haipiti, mfupa unalia: mgongo, mapaja, mbavu, kifua. Kwa mtoto mchanga vidole huweza kuvimba, mama akaona. Kwa mtu mzima mara nyingi hakuna cha kuona. Eksirei inaweza kurudi safi. Joto la mwili linaweza kuwa la kawaida. Wingi wa damu unaweza kuwa ule ule wa siku zake zote. Hakuna mashine popote duniani inayopima maumivu. Ndiyo maana hata katika hospitali kubwa kabisa mgonjwa huulizwa ataje namba, kuanzia 0 mpaka 10. Jibu lake ndilo kipimo. Basi mhudumu asiyemwamini mgonjwa wa selimundu hajawa makini kuliko wenzake. Amechukua kipimo pekee alichonacho, akakitupa.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, nasi methali hiyo tumeigeuza kisingizio cha kutouliza. Lakini maiti hasemi. Mgonjwa huyu anasema, tena anasema kila mara, na hasikilizwi. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika jimbo la Virginia, Marekani, ambako watu wazima zaidi ya 200 wenye selimundu waliandika shajara ya maumivu yao kila siku kwa muda uliofika hadi miezi 6. Zaidi ya nusu ya siku zilizoandikwa zilikuwa siku za maumivu. Na sehemu kubwa ya siku hizo hawakwenda hospitali: walivumilia nyumbani, wakafanya yaliyowezekana, wakanyamaza. Hilo ndilo jibu la wale wanaosema jana alikuwa anacheka. Inawezekana alikuwa anacheka huku anaumwa. Huwezi kuumwa nusu ya maisha yako ukalia nusu ya maisha yako. Anayefika mapokezi amekwisha kushindwa na njia zake zote: maji, blanketi, vidonge, dua. Na Juni ni kipupwe, na baridi ni moja ya mambo yanayoamsha maumivu haya. Mwezi ule ule tunaovaa fulana ndio mwezi wa kumwambia mtu anadeka?

Yapo mapingamizi, na hayastahili kupuuzwa. La kwanza ni la wahudumu: wapo wanaojisingizia, na dawa kali za maumivu huleta uraibu, hivyo mgonjwa anayetaja mwenyewe jina la sindano na kiasi chake lazima atiliwe shaka. Tunajibu hivi. Mtu aliyeugua tangu utotoni kujua ni dawa gani humtuliza ni uzoefu, na kwa mgonjwa wa kisukari tungeusifu. Udanganyifu upo, lakini tupime hasara. Ukimwamini mwongo mmoja, umepoteza dozi moja. Usipomwamini mkweli mmoja, umemwacha kwenye benchi na maumivu ya kifua ambayo, kwa ugonjwa huu, yanaweza kuwa dalili ya hatari inayoua. Na kuhusu hofu ya mofini, tusiende mbali, tuvuke mpaka. Uganda ilibadilisha sheria mwaka 2004 ili wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa waweze kuandika mofini ya maji kwa wagonjwa wao. Daftari la dawa lipo, mafunzo yapo, udhibiti upo, na mgonjwa anapata dawa. Wenzetu waliamua kuidhibiti dawa. Sisi tunamdhibiti mgonjwa.

Pingamizi la pili ni la fedha: nchi haina uwezo. Ni kweli kuhusu mambo mengi. Haidroksiyurea, dawa inayopunguza vipindi vya maumivu, haipatikani kirahisi kila wilaya, ingawa utafiti uliofanywa kwa watoto zaidi ya 600 nchini Angola, Kongo, Kenya na Uganda na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba inapunguza maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa tangu 2023, nasi tutaendelea kuuliza dawa hiyo imewekwa wapi katika kitita. Lakini ukosefu wa fedha hauelezi neno "unadeka". Uingereza wanazo fedha. Mwaka 2012 taasisi yao ya miongozo ya tiba iliagiza mgonjwa wa selimundu mwenye maumivu makali apewe dawa ndani ya dakika 30 tangu afike. Hata hivyo, mwezi Novemba 2021 kundi la wabunge wa huko lilitoa ripoti iliyoeleza wagonjwa kucheleweshewa dawa, kudharauliwa na kushukiwa uraibu. Fedha zilikuwepo, mwongozo ulikuwepo, imani haikuwepo. Na imani, ndugu wasikilizaji, haisubiri bajeti.

La tatu ni la wale wanaosema dawa ya kweli ni kupima kabla ya ndoa. Wapime, tena wapime wengi. Lakini kupima hakumhusu aliyekwisha kuzaliwa. Yeye leo yuko darasa la tano na mwalimu amemnyima ruhusa ya kutoka kunywa maji, wakati upungufu wa maji ni chanzo kingine cha maumivu yake. Yeye leo yuko kiwandani, na msimamizi anahesabu siku za cheti cha daktari kama utoro. Kuzungumzia watakaozaliwa ni rahisi, maana hawajaanza kutuomba kitu.

Basi tuseme wazi. Wizara ya Afya, andikeni mwongozo wenye dakika, ubandikwe ukutani kila mapokezi, mgonjwa ausome na aweze kuudai. Waganga wakuu wa wilaya, kagueni kabati la dawa, kisha kagueni na muda ambao mgonjwa amekaa benchi. Walimu, mwacheni mtoto anywe maji, avae sweta, aende msalani bila kuomba kama mkosaji. Waajiri, someni cheti cha daktari kama cheti cha daktari. Na sisi majirani, tulio hodari wa kuvaa fulana, tuache kumuuliza mtu mbona anaonekana mzima. Muuguzi wa zamu ya usiku wa leo, wewe hasa tunakuomba: akikwambia ni 9, andika 9. Andika, kisha chukua dawa, mpe. Maswali mengine yatafuata, na yafuate. Lakini aaminiwe kwanza!