Bandari, reli na dereva mwanamke: twabishania nini?

Mimi naendesha trela, Mombasa hadi Malaba. Mwanzo, getini aliyeitwa "dereva" ni tanboi wangu, na usukani nimeushika mimi!

Kila uchaguzi ni lile lile: makontena yapande reli au malori? Mwaka 2019 mizigo ya bara iliamriwa ipande SGR; malori mengi yakalala, na wauza chakula wa Mariakani wakakosa wateja. Mwaka 2022 amri ikaondolewa. Sawa. Lakini jukwaani, "ajira za malori" ni za vijana wa kiume tu.

Katiba ya 2010, kifungu cha 27, yampa mwanamke nafasi sawa ya kazi. Karatasi peke yake haitoshi. Leseni niliilipia kwa kuuza mahamri miaka miwili. Na usiku nikiegesha njiani, choo changu ki wapi?

Basi anayekuja kuomba kura, mwulizeni: binti atasomeshwa udereva na nani? Atalala wapi salama? Akisema "tutaangalia", jibu mshalipata.