Darubini Yetu na Kosa Langu

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Tarime)



Nimeombwa niseme juu ya darubini ya shule yetu. Sina budi kuanza kwa kuungama.

Nilipokuwa Kidato cha Tatu nilikabidhiwa ufunguo wa kabati lake. Usiku mmoja wa kiangazi, kabla ya kuwaonyesha wenzangu Zohali, niliona vumbi kwenye lenzi, nikaifuta kwa shati. Vumbi la barabara ya Mugumu lina mchanga. Asubuhi lenzi ilikuwa na mikwaruzo. Niliirudisha kabatini, nikanyamaza.

Ndugu zangu, hata darubini kubwa huharibika kwa kusafishwa. Mwaka 1868 fundi Thomas Grubb wa Dublin alimaliza kuunda darubini ya Melbourne, Australia. Kioo chake cha shaba na bati, chenye upana wa meta 1.2, kilipakwa vanishi ili kisiharibike safarini. Vanishi ilipoondolewa kule Melbourne, kioo kilififia, na waliokuwapo hawakuwa na ujuzi wa kukisugua upya sawasawa. Ikalaumiwa darubini, kumbe aliyekosekana ni fundi. Baadaye ilihamishiwa Mlima Stromlo, na mwaka 2003 ikaungua kwa moto wa msituni. Lakini mwaka 2008 mabaki yake yalirudishwa Melbourne, na watu wa kujitolea wakaanza kuifufua.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, setilaiti Uhuru, iliyochunguza eksirei zitokazo kwenye nyota, ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970. Mwaka 1979 ilianguka, ikateketea angani. Ile haitengenezeki tena. Yetu imo kabatini.

Juzi nimeifungua kwa idhini ya Mkuu wa Shule. Bomba ni zima, na miguu yake mitatu ni imara. Iliyoharibika ni lenzi tu, na gharama yake nitailipa mimi. Ninaloomba ni kila kidato kichague wanafunzi wawili wafundishwe kuitunza: vumbi lipulizwe kwanza, lenzi isifutwe kwa nguo, umande ukauke kabla ya kufunika. Na atakayekosea aseme siku ile ile. Mficha uchi hazai. Mimi nilificha kosa moja, na wadogo zangu wa miaka mingi wakamaliza shule bila kuziona pete za Zohali.