Kabila Lisihukumu Mahali pa Dhamiri



Leo twaeleza amri ya nane, inayokataza kushuhudia uwongo, kwa mambo yaliyotokea katika nchi yetu.

Tarehe 15 Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa huko Kinshasa ulimchagua Bwana Étienne Tshisekedi, mwenye asili ya Kasai, kuwa waziri mkuu. Alishika nafasi ya Bwana Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Habari ilikuwa moja. Lakini katika miji ya Katanga wengi wenye asili ya Kasai waliishangilia, na wengi wa Katanga waliona wamedharauliwa. Swali la haki, yaani kama mtu huyu ataongoza vema, lilimezwa na swali la kabila: ni wetu, au ni wao?

Matunda yake yalikuwa machungu. Huko Likasi mwaka 1992, na Kolwezi mwaka 1993, watu wa Kasai walifukuzwa katika nyumba zao. Maelfu walilala kwenye gare wakingoja gari la moshi, na wengi walikufa. Wengi wao walikuwa wamezaliwa Katanga, ambako wazee wao waliletwa kufanya kazi ya migodi na reli. Na katika pande zote mbili walikuwamo wabatizwa wengi.

Swali: Je, kulipenda kabila letu ni dhambi?

Jibu: Hapana. Jamaa, lugha na mila njema ni zawadi za Mungu. Dhambi ni kuliita tendo jema kwa kuwa limetendwa na mtu wetu, na kuliita baya likitendwa na mwingine.

Swali: Tujipimeje?

Jibu: Tusikiapo habari za wakubwa, tubadilishe majina. Hukumu yetu ikigeuka pamoja na jina, basi kabila limehukumu, si dhamiri.

Tuwakumbuke waseminari wa Buta, nchini Burundi. Tarehe 30 Aprili 1997 wenye silaha waliwaamuru watengane, Wahutu huku, Watutsi huko. Walikataa, na 40 wakauawa.

Sisi twaombwa jambo dogo zaidi. Sokoni au kazini, mtu akianza kusema, «Watu wale wote ni wabaya», tumjibu kwa upole: «Ndugu, mtaje aliyekosa, kabila lake liache.»

Mungu awabariki.