Huruma Nayo Yahitaji Utaratibu



Hospitali ya Bugando, Mwanza, ilijengwa na Kanisa Katoliki, ikafunguliwa mwaka 1971, ikataifishwa mwaka 1972, na mwaka 1985 uendeshaji wake ukarejeshwa kwa Kanisa kwa mapatano na Serikali. Mwaka 1992 Serikali na makanisa walitiliana sahihi makubaliano juu ya huduma za jamii. Zipo wilaya ambazo hospitali yake teule ni ya kanisa. Kwa hiyo maadili ya hospitali hizo si jambo la maaskofu peke yao. Ni letu sote.

Kila hospitali ya dini hutangaza huruma, haki na heshima ya utu. Lakini fungu la msamaha likipungua, huruma kwa mmoja huweza kuwa dhuluma kwa mwingine. Mganga mkuu akiamua peke yake, hata kwa moyo safi, mwenye mtetezi ndiye atakayepona, na asiye na jamaa atarudishwa nyumbani.

Basi wakae pamoja mganga, muuguzi, mhasibu, kiongozi wa dini na mwakilishi wa wananchi. Wapange kanuni mapema, maana mama mwenye uchungu hangoji kikao. Dharura itangulie, malipo yafuate. Katika mengine wajiulize: nani ataumia zaidi? Kisha sababu ziandikwe. Sababu inayoona haya kuandikwa haifai kumnyima mtu dawa.