Neno la siri halikupotea



Barua-pepe ya chama ilitufungia siku tatu. Hapa Bigo, kwenye ordinatere tuliyorudi nayo toka Uganda, tuliandika neno la siri lile lile tulilozoea. Ikakataa. Tukaomba kubadilisha, kode ikaenda kwenye namba ya Uganda, na ile kadi ilishakufa. Ripoti ya wafadhili ikabaki imefungwa ndani.

Kumbe neno halikuwa na kosa. Vifungo vya ile mashini ni vya Uganda: Q-W-E-R-T-Y. Lakini wakati wa kuitengeneza iliwekwa Kifaransa, na klaviye ya Kifaransa ni A-Z-E-R-T-Y. Unafinya Q, inaandika A. Unafinya W, inaandika Z. Hata namba zinataka kwanza ufinye Maj. Na sisi tunaona vitone vyeusi tu!

Basi, ndugu, mbele ya kusema «nimesahau»:

Andikeni kwanza neno kwenye ukurasa mtupu, muone kinachotoka, halafu mufute. Ama mufinye kale kajicho kando ya neno.

Kwenye Windows, finyeni kifungo cha Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi. Klaviye inabadilika, kama zote mbili ziko ndani.

Na leo leo, wekeni namba ya hapa yenye ingali inaita. Ya chama tumeshabadilisha.

Wafadhili, ripoti iliwafikia kwa kuchelewa. Mutusamehe.